Usiku Mwimbaji Alipohamia Kushoto

Mtoto alikuwa amelala chumba cha pili, kwa hiyo nilishusha volyumu ya amplifaya hadi karibu na mwisho, nikacheza wimbo, nikaketi katikati ya spika mbili. Mwimbaji, ambaye mchana alisimama mbele yangu kabisa, sasa alikuwa anaimbia kushoto. Gitaa la upande wa kulia lilikuwa limefifia.

Nikajua spika ya kulia inakufa. Nikazima, nikapishanisha nyaya za spika, nikawasha. Mwimbaji akahamia kulia. Basi spika hazina kosa! Nikapishanisha nyaya zinazotoka kwenye kompyuta, hakusogea. Kilichobaki ni amplifaya yenyewe. Nikapandisha volyumu kidogo, akarudi katikati. Nikaishusha, akaondoka tena. Nilirudia mara nne au tano, taratibu, maana nilikuwa siamini.

Asubuhi nilichomoa waya wa umeme, nikafungua kifuniko. Ndani ya volyumu ile mhimili mmoja huzungusha ncha mbili za chuma, kila moja ikiteleza juu ya utepe wake wa kaboni, wa kushoto na wa kulia. Tepe hizo hutengenezwa kwa mkunjo wa logi, yaani ukinzani wake hupanda polepole mwanzoni kisha kwa kasi, ili ziendane na sikio, na ni kule chini kabisa ndiko zinakoshindwa kufanana. Nilipopima kwa mita pale nilipokuwa nasikilizia usiku, upande mmoja ulikuwa omu 900 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), wa pili 600. Hiyo ni tofauti ya desibeli 3 na nusu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na inatosha kabisa kumhamisha mtu.

Ningeweza kupunguza sauti kwenye kompyuta. Lakini kadi yangu ya sauti ilikuwa ya biti 16, na kila desibeli 6 unazopunguza kwa njia hiyo hula biti moja, yaani undani wa sauti unapungua. Sikutaka. Nikatengeneza kipunguzi kabla ya volyumu: rezista mbili, vipande vidogo vya kuzuia umeme, kila upande, omu 9,100 na omu 1,000, nikazipima moja moja mpaka nikapata jozi zinazolingana, ndipo nikalehemu. Mawimbi ya umeme yanayobeba sauti yakapungua hadi karibu sehemu 1 ya 10, na ili nipate sauti ileile ndogo volyumu ikabidi ipande hadi karibu nusu, mahali ambapo tepe zile zinakwenda pamoja.

Usiku nilicheza wimbo uleule. Mtoto alikuwa amelala. Mwimbaji alisimama katikati, na kule kulia nikasikia hadi vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi.