Mradi wa majina ya stesheni: nimekwama Mackinnon Road

Mradi bado ni uleule, daftari la majina ya stesheni za reli ya zamani kuanzia Mombasa kupanda juu. Mariakani, Samburu na Taru nilishazipita, na hapa Mackinnon Road nilidhani ni kazi ya jioni moja maana mwenye jina anajulikana, Sir William Mackinnon, tajiri wa meli aliyezaliwa Campbeltown huko Uskoti 1823, mkuu wa ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme 1888, na barabara ya mikokoteni ya ng'ombe toka pwani ikapewa jina lake kabla hata reli haijaanza kujengwa 1896. Nikaandika, nikafunga daftari.

Shida ikaanza na mjomba. Ameendesha lori njia hiyo miaka na mikaka, na kila akifika pale lazima asimame kwenye msikiti wa Seyyid Baghali atoe sadaka ndio aendelee na safari. Nikamwambia Mac maana yake ni mwana wa, kama bin yetu. Akaniuliza, "Haya, mwana wa nani? Huyo Kinnon ndo nani?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni babu yao. Uongo mtupu.

Wiki mbili nimemtafuta huyo babu Kinnon bana, hayupo!

Kumbe kwa Kigaeli, lugha ya kale ya huko Uskoti, wanaandika MacFhionghuin. Jina la mtu ni Fionghuin, na hiyo fionn ya mwanzo ni nyeupe, yaani kama "aliyezaliwa mweupe". Sasa Mac ikikaa mbele, ile F inaongezwa h, na fh kwa Kigaeli kwa kawaida haitamkwi, inamezwa, kwa hiyo sauti ya mwisho ya Mac inarukia moja kwa moja kwenye i, unasikia kitu kama makinuun, na waliokuwa wanaandika kwa Kiingereza wakaikata pasipo na mkato wakapata Mac na Kinnon. Ile K ni ya Mac tu! Na sisi tusiwacheke, Mwarabu anasema kitab, ki ni mali ya neno lenyewe, sisi tukaiona ki yetu tukazaa vitabu. Fundi baiskeli naye kasikia mudguard ya Kiingereza, akaiona ma ya wingi, atakwambia digadi moja, madigadi mawili.

Kilichonimaliza ni picha ya jiwe. Kisiwani Iona, hukohuko Uskoti, kuna kipande cha msalaba wa 1489, kimechongwa merikebu, na maandishi ya Kilatini yanasema ni msalaba wa Lachlan Mc Fingone na mwanawe John, abate wa pale, yaani mkuu wa monasteri. Nimeikuza ile picha kwenye simu mpaka ikawa ukungu. Fingone! F imesimama wima miaka yote hiyo, mimi nahangaika na K.

Kuna na wengine wa ukoo huu kisiwani Arran, Uskoti pia, wao walijigeuza wakaitwa Love kwa sababu jina lilisikika kama neno la Kigaeli la "mpendwa". Na mwanamke wa ukoo huu kwa Kigaeli si Mac, ni NicFhionghuin, hiyo Nic imetoka kwenye "binti wa mwana wa". Hii nimeipenda, ni bin na binti kabisa, ila Waingereza kwenye karatasi zao walimfanya kila mtu Mac, hata mama wa watu.

Ukurasa nimeuchana, nimeandika upya kwa kalamu nyekundu. Jana nikampigia mjomba kumrekebishia, nikamwambia ni mwana wa Fingon, aliyezaliwa mweupe. Kimya kidogo, nasikia injini ya lori tu, kisha akasema, "We mtoto, wiki mbili zote hizo kwani kuna Mzungu aliyezaliwa mweusi?"

Kesho naanza Maungu.