Nilivyoipeleka stiki ya "Balabushka" Chicago kwa basi la usiku

Nianze na hela maana hapo ndo ujinga ulipoanzia. Dola 180. Nilizitoa Jumamosi moja hapa Columbus, Ohio, kwenye gereji ya familia iliyokuwa inauza vitu vya babu yao aliyefariki, kuna masufuria, kuna ndoano za kuvulia, halafu pembeni kuna stiki ya pool ya vipande viwili kwenye begi la ngozi zipu imekufa. Nikavuta kile kipande cha nyuma nikaona mikuki minne ya mbao nyeusi imepanda ndani ya mbao nyeupe, kila mkuki umezungushiwa vinia nyembamba za rangi kama pindo la kanga, na kule chini karibu na raba kuna mtu kaandika kwa wino, chini ya vanishi: Balabushka. Mjukuu akaniambia babu alikuwa nayo tangu kabla hajaenda vita ya Korea. Nikalipa haraka haraka kabla hajajishtukia, kumbe wa kujishtukia nilikuwa mimi.

Kwa asiyejua, Balabushka kwenye pool ni sawa na mtu akwambie anauza gitaa la Franco mwenyewe. George Balabushka alizaliwa Urusi 1912, akaingia Marekani na familia yake 1924, akawa fundi mbao New York, na 1959 akaanza kutengeneza stiki kama zawadi za Krismasi kwa marafiki zake. Alifariki 1975. Zinakadiriwa stiki elfu moja hadi elfu moja na mia mbili hivi maisha yake yote, basi. Halafu 1986 ikatoka filamu ya Paul Newman na Tom Cruise, stiki ya Balabushka inapeanwa kama kitu kitakatifu, bei zikapaa na feki zikafuata, na kichekesho ni kwamba hata ile ya kwenye filamu haikuwa Balabushka, ilikuwa stiki ya kampuni nyingine, Joss, iliyovalishwa ifanane.

Nikamtumia picha mjomba wangu Bagamoyo, yeye ana meza mbili za pool kibandani kwake, akarudisha voisi fasta, "Mpwa wangu, hiyo usimwonyeshe mtu, tafuta mtaalamu." Nikauliza uliza kwenye kumbi za pool hapa, wakanielekeza kwa mzee mmoja Chicago, fundi wa stiki za zamani, nikampigia akasema picha hazimsaidii, ailete mwenye nayo. Ndege nikaachana nayo, stiki ya pool hairuhusiwi kuingia nayo ndani ya ndege lazima iende na mizigo ya chini, na mimi mizigo ya chini siiamini tangu begi langu la harusi ya dada lizunguke siku nne bila mimi. Treni Columbus hakuna. Basi likabaki basi.

Tukaondoka saa nne na nusu usiku. Begi nimelikumbatia, jamaa wa kiti cha pili akanitazama weee akauliza ni bunduki au ni filimbi? Nikamwambia fimbo ya pool, akacheka akasinzia. Indianapolis tukashushwa kubadilisha, dereva wa kuendelea hayupo, tukakaa kwenye viti vya chuma saa mbili nzima na baridi lile la mlango wa kujifungua wenyewe, kila mtu akipita unapigwa upepo. Tulipoondoka nikalala kidogo, nikashtuka katikati ya Indiana nje kuna giza la shamba tupu na taa nyekundu kama mia zinawaka kwa pamoja zinazima kwa pamoja. Nusu nisome dua. Kumbe mitambo ya umeme wa upepo, imepangwa mpaka macho yanaishia.

Chicago tukafika saa mbili asubuhi. Miadi ilikuwa saa tano kwa hiyo nikashika barabara ya Harrison kwa miguu, nikavuka mto, mpaka South Wabash namba 623, maana nilishasoma kwamba pale ndo palikuwa na Brunswick-Balke-Collender, kampuni kubwa ya vifaa vya pool. Na raha ni kwamba Brunswick walianzia huku kwetu Ohio, Cincinnati, 1845, mhamiaji wa Kiswisi anaitwa John Brunswick. Sasa hivi jengo ni la chuo cha sanaa, wanafunzi wanaingia na kahawa zao hakuna anayejua kitu. Nikasimama hapo dakika tano na begi langu nikajiona mshamba kidogo, nikashuka chini kupanda treni ya Blue Line kwenda upande wa Jefferson Park.

Karakana ya mzee iko nyuma ya nyumba yake. Mashine ya kukerezea moja, meza moja ya pool ya zamani, na harufu ya gundi na mbao. Mzee hakuniuliza habari za safari wala nini, akanyoosha mkono. Akaiunga ile stiki, akaiviringisha mezani, akainama kuangalia kama inaruka. Hairuki. Nikafurahi. Akaifungua tena akachukua kidude kama kisu cha kukunja chenye visu vingi, kila kisu kina meno, akawa anakiweka kwenye skrubu ya kiungio kimoja baada ya kingine akitafuta meno yanayokaa sawasawa. Akakipata. "Kumi na nane," akasema. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama naelewa. Akanifafanulia, skrubu ya Balabushka ni inchi 5/16 yenye meno 14 kwa inchi, na kiungio chake ni cha chuma kisichoshika kutu, hii yako ina 18 na kiungio ni shaba.

Nikasema labda fundi mwingine alibadilisha baadaye. Akacheka. Akaniuliza mwenyewe aliipata lini? Nikasema kwa majivuno kabisa, kabla ya vita ya Korea. Mzee akavua miwani. "Vita ya Korea ilianza 1950. Balabushka alianza 1959." Jamani. Hiyo miaka yote miwili nilikuwa nayo kichwani wiki tatu nzima, nimeisimulia kwa watu, na sikuwahi kuiweka pamoja hata siku moja.

Ila hakuishia hapo, na ndo nilipomheshimu. Uzi wa kwenye mshikio ulikuwa umelegea akausogeza taratibu kwa kucha, akanionyesha ile mbao nyeusi inaendelea chini ya uzi bila kukatika. Akasema hii ni Titlist ya Brunswick, stiki ya ukumbini, ilikuwa ya kipande kimoja. Wale mikuki hawakubandikwa juu, mbao mbili zimechongwa zikaingiana kama vidole vya mikono miwili. Na hapo ndo mtego, kwa sababu Balabushka mwenyewe miaka ya mwanzo alikuwa anachukua Titlist hizo hizo anazikata na kuzigeuza kuwa stiki zake, kwa hiyo anayefoji akipata Titlist kuukuu tayari ana mbao ya kweli, anahitaji uongo wa skrubu na jina tu. Na jina lenyewe, nyingi za Balabushka hakuziandika! Wangu kaandika kwa wino kama daftari la shule.

Halafu akagonga kile kifuniko cheupe cha chini kwa kucha. Delrin, plastiki ya DuPont, imeanza kuuzwa 1960. Kwa hiyo babu wa watu inawezekana hakudanganya, huenda alikuwa na Titlist yake kabla ya Korea kweli, ila kuna fundi kaikata vipande viwili baada ya 1960, na jina likaja na mtu mwingine kabisa.

Nikawa naanza kurudisha begini, akanizuia. Ngozi ya kichwani ilikuwa imeisha, akasema ngoja nikuwekee nyingine. Akaikwangua mpaka kile kipande cheupe cha chini yake kikabaki wazi, akanyamaza, akachukua lenzi kama ya sonara. Akanipa na mimi. Nikaona mistari myembamba inapishana, kushoto kulia, kushoto kulia, kama ukili. Plastiki haina hiyo. Mfupa hauna. Pembe ya tembo.

Mimi nimekulia Bagamoyo, bana. Tulifundishwa shule ya msingi wapagazi walivyoshuka na pembe kutoka Ujiji na Tabora, zinavuka kwa jahazi kwenda Unguja, na Wamarekani walikuwa na balozi wao mdogo pale tangu 1837, wanaleta ile merikani ya kushonea kanzu wanaondoka na pembe. Pembe ya kwetu ilipendwa kwa sababu ni laini, ikachongwa vitufe vya piano huko Connecticut, ikachongwa mipira ya biliadi. Nikamwambia mzee hayo yote. Akasikiliza, akasema lenzi haionyeshi tembo alilala wapi. Sawa.

Akaniambia na ya sheria. Tangu 2016 biashara ya pembe Marekani imebanwa karibu yote, kitu chenye pembe kidogo chini ya gramu 200 kinaweza kuuzwa ila uthibitishe ni pembe iliyoingia nchini kabla ya 1990, na mimi sina hata risiti ya ile gereji. Kuivusha mpaka bila vibali ndo usithubutu. Hapo hakuhitaji kunieleza, kukutwa na nyara za serikali kwetu ni kesi ya uhujumu uchumi, nijieleze vipi pale uwanja wa ndege wa JNIA Dar, eti nairudisha?

Akaniambia kwa dola 40 atakitoa aweke cha plastiki. Nikafikiria. Nikasema kiache. Akaweka ngozi mpya tu, dola 15, akaipaka choki, akapanga mipira akasema piga. Nikavunja kwa nguvu zote za basi la usiku, hakuna kilichoingia isipokuwa mpira mweupe.

Kabla sijatoka akaniandikia karatasi kwa mkono: Titlist ya Brunswick, mbao ya kabla ya 1960, imekatwa na kuungwa baadaye, fundi hajulikani, kichwa cha pembe. Akasaini. Kituo cha basi nikaipiga picha ile karatasi nikamtumia mjomba na maelezo marefu, nikamwambia si Balabushka, haiuziki, na kwako haiji. Akakaa kimya kama dakika kumi. Halafu voisi, nyuma yake nasikia mipira inagongana.

"Mpwa wangu, hiyo karatasi ilaminishe."