Kumpuliza Dio kwa tarumbeta: kumbukumbu ya mradi wangu, Moshi

Machi

Mradi wenyewe ni huu: kuchukua wimbo mmoja kutoka kila bendi kubwa aliyoimbia Ronnie James Dio, mwimbaji wa hevi metali wa Marekani, kuuvua maneno, kisha kuupuliza kwa tarumbeta. Elf, Rainbow, Black Sabbath, bendi yake mwenyewe iliyoitwa Dio, na Heaven & Hell. Bendi tano, koo moja. Nataka kusikia ni kitu gani alikuwa anahama nacho kila alipohama.

Kwa nini tarumbeta? Kwanza ndicho chombo ninachokimudu. Huku Kilimanjaro matarumbeta ya Kilutheri yana mizizi kwa wamisionari wa Kijerumani, na ukikulia kanisani Machame au Marangu, ipo siku utakabidhiwa moja lenye makunyanzi uambiwe upulize. Pili, Dio naye alianzia hapo. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1942 huko Portsmouth, New Hampshire, akakulia Cortland katika jimbo la New York, familia yenye asili ya Italia, jina la kuzaliwa Ronald James Padavona. Alishikishwa tarumbeta akiwa mtoto wa miaka 5, akapiga pia honi ya Kifaransa. Hakufundishwa kuimba na mtu. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba pumzi yake aliitoa kwenye kupuliza.

Mashabiki wa hevi metali wakimsifu huanza na majoka, wafalme na upinde wa mvua, maana nyimbo zake zimejaa hayo. Hayo nawaachia. Mimi nasikiliza kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu.

Aprili: Elf

Masika yamekolea, kwa hiyo mazoezi ni ndani, kitambaa kimeziba mdomo wa tarumbeta ili majirani walale.

Kabla ya Elf kuna miaka mingi ambayo watu huiruka. Bendi ya kwanza, The Vegas Kings, ni ya mwaka 1957, na humo Dio alikuwa mpiga gitaa la besi. Bendi ikabadilika majina kama mtu anayejaribu mashati: Ronnie and the Red Caps, Ronnie Dio and the Prophets, The Electric Elves, hatimaye Elf. Mwaka 1968 walipata ajali ya gari iliyomuua mpiga gitaa wao, Nick Pantas. Wenzake wakaendelea.

Albamu ya kwanza ya Elf ilitoka mwaka 1972, na watayarishaji wake ni Roger Glover na Ian Paice wa bendi ya Deep Purple. Elf si metali hata kidogo. Ni roki ya kuchangamka, piano ipo mbele, unaweza kuipiga kwenye harusi ya Majengo na shangazi wakacheza. Nilichagua wimbo wa katikati, nikauandika kwanza kwa sol-fa, yaani do-re-mi, kama tunavyofanya kwaya, kisha nikauhamishia kwenye mistari ya noti. Umekwisha. Sina zaidi la kusema juu yake.

Mei: Rainbow

Mwaka 1975 mpiga gitaa Ritchie Blackmore aliondoka Deep Purple na kuanzisha Rainbow. Alichofanya ni kuichukua Elf karibu yote, akimwacha mpiga gitaa tu, maana gitaa ni lake. Baada ya albamu ya kwanza akawaondoa waliobaki isipokuwa Dio. Ukisoma historia hii haraka utadhani Dio alipanda cheo. Mimi naona mtu aliyebaki peke yake kwenye nyumba ambayo ndugu zake wote wamefukuzwa, na bado kesho yake anatakiwa kuimba.

Kutoka albamu ya pili, *Rising* ya 1976, nimechukua "Stargazer". Unazidi dakika 8, na humo wamo wanamuziki wa okestra ya Munich Philharmonic. Hapa ndipo kazi ilipoanza kuwa kazi. Dio akishika noti ndefu haiachi ilegee mwishoni. Anaifikisha ilikokusudiwa, anaikata, anavuta hewa, anaondoka tena. Nimekaa na penseli nikiweka alama kila anapovuta pumzi, nikagundua sehemu hizo ndizo ambazo mpulizaji yeyote angechagua. Kinachonishinda si hewa, ni midomo. Mwimbaji gitaa likishika zamu yake anakunywa maji anarudi mzima. Midomo iliyobanwa kwenye chuma dakika 5 hairudi haraka hivyo.

Mzee wetu wa matarumbeta alinikuta uani nikisikiliza kwa spika ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyo?"

Nikamwambia ni mwimbaji Mmarekani. Akasikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye fimbo, hakujali kelele za gitaa.

"Huyu kijana pumzi anaiweka chini. Ninyi mnaiweka kifuani."

Nikamweleza kwamba kijana huyo angekuwa mkubwa kwake, na kwamba alifariki mwaka 2010. Akasema basi alifundishwa na watu wa zamani, akaenda zake.

Juni na Julai: Black Sabbath

Hapa nimekaa kuliko kote, na pengine mradi wote ulikuwa unaelekea hapa.

Dio aliondoka Rainbow baada ya albamu ya 1978; Blackmore alitaka nyimbo nyepesi za mapenzi zitakazopendwa redioni, mwenzake hakutaka. Mwaka 1979 Black Sabbath wakamfukuza mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, na Dio akaingia. *Heaven and Hell* ikatoka mwaka 1980, mtayarishaji Martin Birch.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nisilale. Katika nyimbo nyingi za Sabbath ya Ozzy, sauti inafuata gitaa: mpiga gitaa Tony Iommi akipanda, mwimbaji anapanda, akishuka, anashuka naye. Ukiziandikia matarumbeta, karatasi moja inawatosha wote. Ya Dio haikubali. Gitaa linabaki chini likirudia mwendo wake mzito, na yeye anapita juu kwa njia yake, anaingia pale gitaa linapotoa nafasi, anakaa kwenye noti ambayo gitaa halipo. Kwa hiyo wimbo uleule unataka karatasi mbili na watu wawili wasiosubiriana. Wapenzi wa bendi hubishana hadi leo nani bora kati ya Ozzy na Dio. Kwenye karatasi yangu si suala la ubora: bendi yenyewe ilibadilika namna ya kutunga, kwa sababu mtu mmoja alikuwa na mstari wake.

Wimbo wa jina la albamu uko kwenye ufunguo wa E maina. Wapiga gitaa wanaipenda E kwa sababu uzi wao mnene kuliko yote ni E. Tarumbeta la B-flati hutoa sauti hatua moja chini ya noti iliyoandikwa, kwa hiyo kwa vidole vya mwenye nalo hiyo ni F-shapu maina, shapu tatu (alama za kupandisha noti), na sisi tuliolelewa na tenzi zilizojaa flati, zile za kushusha, tunaanza kuangaliana. Mstari wa gitaa nimempa kijana wa tromboni. Ameupenda mno. Anaupiga hata tukiwa juu ya pikapu tukisubiri bibi harusi atoke, na juzi mpiga ngoma akamfuata, watu wa Kiborloni wakaanza kuyumba wakidhani ni mtindo mpya.

Halafu kuna baridi ya Julai. Asubuhi ukipuliza nje, tarumbeta linashuka sauti. Hewa ya ndani ya bomba ikiwa baridi noti zote zinakuwa chini kidogo, na ukilipiga pamoja na rekodi linasikika kama limenuna. Nasukuma bomba la kurekebishia ndani, napuliza hewa ya moto bila sauti, nasubiri. Mlima nao uko wazi siku hizo, mweupe kichwani, hausaidii chochote.

Vijana wa kikundi waliniuliza juu ya alama ya vidole viwili, ile ya pembe, maana baadhi ya wazazi wanaiogopa. Dio alisema aliipata kwa bibi yake Mwitalia, aliyekuwa akiitumia kujikinga na jicho la husuda. Alipoingia Sabbath alimkuta Ozzy ameacha watu wamezoea alama yake ya amani, hakutaka kuiga, akatumia ya bibi. Wazazi wa huku wanaelewa habari ya husuda vizuri sana, kwa hiyo mazungumzo yaliisha mapema.

Albamu ya pili, *Mob Rules*, ni ya 1981. Ya jukwaani, *Live Evil*, iliwagombanisha studioni juu ya nani sauti yake imepandishwa, na mwaka 1982 Dio akaondoka pamoja na mpiga ngoma Vinny Appice.

Agosti: Dio

*Holy Diver*, 1983. Appice kwenye ngoma, Jimmy Bain aliyewahi kuwa naye Rainbow kwenye besi, na kijana wa Belfast, Vivian Campbell, kwenye gitaa. Wimbo wenyewe uko C maina. Kwenye vidole vyetu inakuwa D maina, flati moja tu. Raha tupu. Nadhani ndio utakaopigwa kwanza hadharani, kwa sababu mwendo wake ni wa kutembea na msafara wa harusi unaupokea.

Nimeweka pembeni pia "Stars", wimbo alioutunga na Bain na Campbell mwaka 1985. Walikusanya wanamuziki wa metali wapatao 40 kwa jina la Hear 'n Aid, rekodi ikatoka 1986, fedha zikaenda kwa wenye njaa Afrika. Watu hukumbuka nyimbo za wasanii wa pop za wakati ule; za hawa wenye nywele ndefu hawazikumbuki. Ni mrefu na una waimbaji wengi wanaopokezana, unataka kikundi kizima. Siuingizi kwenye zile tano.

Septemba: kilichobaki

Heaven & Hell bado. Ni Sabbath ileile ya Dio iliyorudi kwa jina jingine. Walikuwa wamesharudiana mara moja kwa *Dehumanizer* ya 1992, ikavunjika mwaka huohuo Dio alipokataa kumtangulia Ozzy jukwaani huko Costa Mesa. Mwimbaji mwingine wa metali, Rob Halford, akaimba badala yake. Ukaidi, ndiyo, lakini ukaidi wa mtu anayejua mstari wake. Kisha wakakutana tena, wakatoa *The Devil You Know* mwaka 2009. Mwaka huohuo Dio aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alifariki Houston tarehe 16 Mei 2010, akiwa na miaka 67.

Kwenye albamu hiyo anaimba chini zaidi na taratibu zaidi, na noti bado anazifikisha. Tarumbeta halitoshi huko chini, kwa hiyo mstari wa gitaa utahitaji tuba. Mwenye tuba tunaye, anakaa Pasua, ila harusi zimemshika kila Jumamosi na anataka nauli ya kuisafirisha. Karatasi yake iko tayari, nimemwandikia kwa wino mweusi, noti kubwa, maana miwani yake imevunjika.