Yule mama aliyeshika watoto

Mwezi wa tatu nilikuwa nasahihisha jaribio la darasa la tano, swali la sita linasema taja mambo matano anayofanya mtu mwadilifu, na karibu darasa zima wamepata tano kwa tano. Anasema ukweli, anaheshimu wakubwa, anatunza mali ya umma, anasaidia wenye shida, anamtetea mnyonge. Hilo la mwisho nimelipigia vema mara hamsini na kitu.

Sasa asubuhi ya siku hiyohiyo, na mvua ya huku Rungwe mnaijua, binti mmoja wa darasa hilohilo kaja shule kavaa gambuti za bibi yake. Kubwa, zinamfika magotini, kila akipiga hatua mguu unapanda peke yake gambuti inabaki kwenye tope, anarudi anaingiza mguu tena, anaendelea. Mstarini wakaanza kumcheka na kumpa majina, na hao walioandika anamtetea mnyonge walikuwepo wote, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mimi ndo nilikuwa mwalimu wa zamu, nikafoka nyamazeni, wakanyamaza, ikaishia hapo. Usiku nimekaa na zile karatasi kwenye taa ya sola roho ikaniuma kweli, maana zile tano kwa tano nimezifundisha mimi mwenyewe.

Somo lenyewe zamani lilikuwa Uraia na Maadili, kwenye mtaala mpya ni Historia ya Tanzania na Maadili, na mi hilo la kuunganisha historia na maadili nalipenda kabisa. Lakini ukiwauliza watoto shujaa ni nani watakutajia Mkwawa aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, watakutajia Mwalimu Nyerere, na wako sahihi, wala sisemi tuwaache hao. Ila mtoto wa miaka kumi na moja ukimwambia awe kama Mkwawa anaanzia wapi? Mkuki hana, Mjerumani hayupo. Aliyepo ni mwenzake mwenye gambuti za bibi.

Basi nikaamua muhula huo nitawapa watu wa kweli, watu ambao siku moja walikuwa wanaenda zao kazini au wako kwenye shughuli zao na jambo likawakuta.

Nikaanza na John Stephen Akhwari wa kule Mbulu, Olimpiki ya Mexico City 1968, marathoni. Projekta hatuna, nikatumia bando langu nikapakua ile video, simu nikaiegesha kwenye dawati wakawa wanakuja kuangalia kumi kumi. Jamaa aligongana na wenzake njiani akaanguka, goti likaumia vibaya na bega pia, na mji wenyewe uko juu zaidi ya mita 2,200 hewa nyepesi. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, yeye ndo wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda zaidi ya saa nzima kabla, giza limeingia, watu wengi washatoka uwanjani, ndo anaingia anachechemea mguu umefungwa bandeji. Alipoulizwa akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akamalize.

Nikauliza tunajifunza nini hapa, darasa zima kwa sauti moja, uvumilivu madam! Wameshajua nataka nini, wamenipa. Nikawa nageuka kuandika ubaoni, kijana mmoja wa nyuma ambaye huwa haongei akanyoosha mkono, "Madam, wale kumi na nane walioacha ni wabaya?"

Jamani. Nimefundisha miaka kumi na moja sijawahi kuulizwa swali kama hilo kwenye maadili. Nikaacha chaki, tukakaa nalo kipindi kizima. Wapo waliosema wabaya, wapo waliosema mtu akizimia njiani utamlaumuje, mmoja akasema kaka yake aliacha shule ili yeye asome, je kaka yake naye ni wa kushindwa? Hapo nikanyamaza nikawaacha waongee wenyewe. Nikaona hadithi ya kweli inamfanya mtoto aanze kupima, sio kukariri, maana ndani yake kuna vitu havijakaa sawa.

Ya pili niliwapa wale wavuvi wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia uwanja, ndani watu 43, waliopona 24, 19 wakapoteza maisha, na kabla ya wengine wote waliofika pale ni wavuvi na mitumbwi yao. Watoto wengi walishaisikia nyumbani. Mmoja akasema baba yake anasema watu walibishana kuhusu nani aliufungua mlango. Ningeweza kumwambia kaa chini, lakini ni kweli yalitoka maelezo tofauti kuhusu ule mlango, nikawaambia hivohivo, na nikawaambia ambacho hakina ubishi ni kwamba watu walipiga kasia kuifuata ndege iliyokuwa inazama wakati wangeweza kubaki na nyavu zao. Walimu wenzangu naomba hapa tusiogope. Ukimpa mtoto hadithi ya kweli halafu ukaficha kipande, siku atakayokigundua atatupa yote.

Ila iliyogeuza darasa ni ya New York. Wesley Autrey, fundi ujenzi wa miaka 50, tarehe 2 Januari 2007 yuko stesheni ya treni za chini ya ardhi na mabinti zake wawili, mmoja miaka 4 mwingine 6. Kijana mmoja akashikwa na kifafa akaangukia relini, na taa za treni zinaonekana zinakuja. Autrey akaruka, akajaribu kumvuta akaona hawahi, akamlalia katikati ya reli akamkandamiza asinyanyuke, mabehewa matano yakapita juu yao kabla treni haijasimama, karibu kiasi kwamba kofia yake iliingia grisi. Wote wawili wakapona. Baadae akasema hakuona kama kafanya kitu cha ajabu, aliona mtu anahitaji msaada.

Hawa wa kwangu wengi hawajawahi kuona treni, wachache tu wameiona TAZARA wakiwa Mbeya mjini. Tukatoka nje, nikachora kwa kijiti mistari miwili chini, upana kama mita moja na nusu kasoro kidogo ambao ndo upana wa reli za kule, wavulana wawili wakalala katikati mmoja juu ya mwingine, nikapitisha fimbo ya kupimia juu ya mgongo wa yule wa juu taratibu taratibu. Walikuwa wanacheka mwanzoni. Fimbo ilipofika kichwani akashusha uso chini kabisa kwenye vumbi, na watoto wote wakawa kimya, unasikia kuku wa jirani tu.

Halafu binti wa gambuti akauliza, "Madam, na watoto wake aliwaacha na nani?"

Nikamwambia kulikuwa na mwanamke pale stesheni, aliwashika wale mabinti wasisogee ukingoni. Akafikiri. "Anaitwa nani?" Nikasema kwenye habari niliyoisoma mimi hakutajwa jina. Akasema, "Asingewashika, wangemfuata baba yao." Basi darasa likawaka, kumbe na yule mama naye! Wengine hapana, yeye kafanya kidogo. Wengine kidogo ndiyo lakini kama hayupo Autrey angerukaje? Tangu siku hiyo darasani kwangu kuna msemo wao wenyewe, mtu akisaidia bila kuonekana wanasema huyu kashika watoto. Sikuwafundisha mimi.

Kuna shirika Marekani linaitwa Giraffe Heroes Project, linawatafuta watu wa kawaida waliojiweka hatarini kwa ajili ya wenzao, Kiingereza wanasema mtu kama huyo ametoa shingo ndo maana wakachagua twiga. Mashuleni huwa wanaenda hatua tatu, mtoto anasikia hadithi, kisha anatafuta ya kwao anaisimulia, kisha darasa linachagua kitu cha kufanya. Nilipowaambia watoto kuhusu twiga walifurahi sana maana twiga ni mnyama wetu wa taifa. Mimi hizo hatua nikazichukua, nikawapa kazi ya wiki mbili: mtafute mtu wa hapa kijijini aliyeshika watoto, umuulize, uandike ukurasa mmoja, na lazima uandike aliogopa nini. Hilo la woga nalisisitiza kwa mwalimu yeyote atakayejaribu. Usipouliza woga watoto watakuletea malaika.

Mwenzangu mmoja ofisini aliniuliza hayo yanatoka kwenye mtihani? Hayatoki. Lakini tulivokuwa tunaongea mbele kwenye ubao wa matangazo palikuwa pamebandikwa maadili ya shule, na chini yake tunaandika majina ya waliopigana wiki hiyo.

Zikaja. Bibi anayelea wajukuu sita na bado anampikia mgonjwa wa jirani. Boda aliyerudisha simu ya abiria usiku kutoka Tukuyu mjini kwa mafuta yake. Dada aliyembeba mdogo wake asiyetembea mgongoni mpaka shule kwa miaka minne, huyu ni darasa la saba hapahapa kwetu na mimi nilikuwa namuona kila siku nikijua tu ni watu wanaokuja pamoja. Nyingine zilikuwa za kubuni kabisa, zinajulikana, mbwa kamwokoa mtu kwa mamba wakati huku juu hatuna mamba.

Ya binti wa gambuti ilikuwa ya mzee mmoja anayetengeneza daraja. Upande wanaokaa wao kuna kijito kinateremka kutoka mlimani, kiangazi unakiruka, masika kinajaa maji ya kahawia yana nguvu, na kila mwaka yule mzee anakata milingoti anaitandaza, anaifunga kwa waya, maji yakiichukua anatandaza tena. Asubuhi mvua ikiwa kubwa anaingia majini mpaka kiunoni anashika mkono mtoto mmoja mmoja mpaka wavuke. Halipwi na mtu. Anachoogopa, ameandika, ni mtoto wa darasa la kwanza kumponyoka, maana mikono yao ni midogo na ya baridi haishikiki vizuri. Halafu mstari wa mwisho: babu huyu anakunywa sana kimpumu na jioni anatukana watu njiani.

Nilikosea hapa na nakiri. Insha nzuri zilikuwa zisomwe mstarini, nikamwita nikamwambia mwanangu huu mstari wa mwisho tuufute. Akaniangalia, akasema kwa adabu kabisa, "Lakini madam ulisema ya kweli." Nikamrudishia daftari lake vilevile.

Akasoma, palepale walipomcheka, na upepo unataka kumnyang'anya daftari. Alipofika kwenye kimpumu wakubwa wakaguna, na mchana darasani ukawaka moto: mlevi anaweza kuwa shujaa? Kijana mmoja akasema hawezi, baba yake analewa na anampiga mama yake, alisema hivyo mbele ya watu wote na sauti ikamkatika. Sikulazimisha jibu. Nikamwambia una haki ya kusema hivyo, na jioni nikabaki naye tukaongea wawili. Binti akasema tu, "Mimi sijasema ni mzuri. Nimesema ananivusha."

Kitu walichochagua kufanya ni kusomba mawe ya kuweka kingo zote mbili ili udongo usimomonyoke chini ya magogo, Jumamosi mbili, kila mtoto na ndoo au kapu la nyumbani, wazazi wachache wakaja. Sidanganyi watu kwamba darasa limekuwa la watakatifu, juzi tu wamepigana kwa ajili ya penseli. Lakini mvua ikinyesha naona kutoka dirisha la ofisi watoto wa ng'ambo ile wanakuja kwa mstari wameshikana, wakubwa nje wadogo ndani, na sijawahi kuwaambia wafanye hivyo.

Mzee mwenyewe alikuja shule wiki iliyofuata. Asubuhi, amevaa koti, hajanywa, kasimama mlangoni anakataa kuingia. Watoto wakasimama wote, shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu. Akaniambia, "Mwalimu, nasikia mmeniandika." Nikaogopa, nikajua ni ule mstari. Nikamwita binti akatoka na daftari, akamsomea pale kwenye korido kuanzia mwanzo, alipofika kwenye kimpumu sauti ikashuka lakini akasoma, na kutukana watu njiani akasoma.

Mzee akakaa kimya muda. Akasema, "Hapo ni kweli." Halafu akamshika bega, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. "Ila magogo umeandika mawili. Ni matatu, moja limezama hulioni." Binti akatoa kalamu kwenye soksi, akaegemeza daftari ukutani akakata mawili akaandika matatu, na mzee akasubiri mpaka amalize.