Kazi Tatu za Jumamosi Moja

Mwaka ule nilikuwa Songea nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, na kwa kuwa sikuwa na shughuli ya kueleweka, majirani walinipelekea watoto wao na kazi zao za shule kama mtu anavyompelekea fundi viatu vilivyobanduka soli. Jumamosi moja alasiri alikuja binti wa nyumba ya pili, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akiwa na madaftari matatu na kazi tatu zilizotakiwa Jumatatu. Ya kwanza ilikuwa barua rasmi kwa mkuu wa Makumbusho ya Majimaji, kuomba darasa lao lizuru; ya pili, ya fasihi, ilihusu mgogoro wa mhusika mkuu katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile; ya tatu, ya Historia, ilitaka aeleze kwa Kiingereza jinsi Vita vya Majimaji vilivyoenea.

"Kaka, ya Historia nimeshamaliza," aliniambia. "Naomba unisaidie hizo mbili tu."

Nilianza na hiyo aliyoimaliza. Aliandika kwamba Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya kukinga risasi na ambaye tamthilia inamwita Kinjeketile, aliwaongoza wapiganaji hadi waliposhindwa, kisha akafungwa na kuteswa, na akakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Kiingereza chake kilijikongoja, lakini maelezo yalikuwa na uhai ambao si kawaida kuuona katika majibu ya Historia, na sababu yake haikujificha: alikuwa amesimulia tamthilia. Daftari la Historia lilijaa nukta alizozinakili ubaoni kwa lugha asiyoimudu, ilhali tamthilia aliisoma kwa Kiswahili, akaielewa na kuipenda, na alipoulizwa habari za vita alijibu kwa kile alichokielewa. Mwalimu angemnyima alama, na angekuwa na haki. Hata hivyo, mpaka leo sioni ajabu yoyote mtoto wa Songea anayefundishwa vita vya babu zake kwa Kiingereza akikimbilia jukwaani kuvitafuta.

Nilimpa karatasi tupu, nikamwomba aandike tarehe tu, moja chini ya nyingine. Julai 1905, watu wa Umatumbi wanang'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Tarehe 4 Agosti, Kinjikitile Ngwale ananyongwa Mohoro. Mwishoni mwa Agosti, boma la Mahenge linashambuliwa. Septemba, Wangoni wanaingia vitani. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi wao wananyongwa hapa hapa Songea. Tarehe hii ya mwisho hakuhitaji kutajiwa, kwa kuwa kila mwaka huadhimishwa mjini.

Aliitazama karatasi kwa muda.

"Kwa hiyo vita vilipofika huku kwetu, yeye alikuwa ameshakufa?"

"Ameshakufa, mdogo wangu."

"Sasa huku maji yaliletwa na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la mwalimu wake, ingawa kwa maneno mengine. Nilimweleza habari za wajumbe walioitwa hongo, waliobeba dawa kutoka nchi moja hadi nyingine, na nikamtajia Omari Kinjala, ambaye ndiye anayetajwa kuifikisha Ungoni kwa Chabruma, mtawala wa Wangoni. Jibu lote la Historia aliliandika upya. La fasihi halikutuchukua muda, kwani alikwisha kuona mwenyewe kwamba mtunzi alimrefushia mhusika wake maisha ili amfikishe kwenye uamuzi ule wa gerezani. Na mtunzi huyo ametahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa.

Barua ndiyo iliyotuweka hadi taa ikawashwa. Umbo alilijua vizuri: anwani yake juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, YAH: na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, na mwishoni "Wako katika ujenzi wa taifa". Katikati, hata hivyo, palikuwa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", maneno ya makarani nisiyoyapenda, kisha sentensi moja ya kuomba. Nilimuuliza: mkuu wa makumbusho akikubali, mtafika lini, mtakuwa wangapi, na mnataka kuonyeshwa nini hasa? Hilo la mwisho hakuwa amelifikiria. Aliandika aya nzima akiomba darasa lielezwe habari za waliobeba maji kutoka Rufiji na Liwale hadi Ungoni, na njia walizopita.

Siku ya Jumanne alirudi akiwa amenuna. Historia alipata alama nzuri, fasihi pia, lakini pembeni mwa barua mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba barua rasmi huwa fupi, akampunguzia alama mbili.

"Kaka, wewe ndiye uliyenirefushia barua," alilalamika.

Nilimuuliza kama darasa lingeandika nyingine ya kupelekwa makumbusho. Akasema hapana, mwalimu alikwisha kuichukua hiyo hiyo ndefu, akaipeleka kwa mkuu wa shule igongwe mhuri.