Jina la pomboo linapopotea kwenye kelele

Nilipoenda Kizimkazi, kule Zanzibar, kuona pomboo, boti zilikua zimewazunguka kila upande, mashine zote zinaunguruma, pomboo wakizama boti zinakimbilia wanakoibukia. Nilifurahi sana siku ile. Baadae ndo nikaanza kusoma kuhusu sauti zao na furaha ikaniingia doa.

Kila pomboo ana mluzi wake, anautunga mwenyewe akiwa bado mdogo, na huo ndo jina lake. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha St Andrews kule Scotland walionyesha kwamba ukimpigia pomboo nakala ya mluzi wake baharini anaitika, yaani kama mtu aliyeitwa!

Sasa kuna utafiti wa Japani wa 2005, walirekodi pomboo wa Mikura, Ogasawara na Amakusa, ni spishi ileile ya hawa wetu wa Kizimkazi. Wa Amakusa wanaishi kwenye maji yenye kelele zaidi na miluzi yao ni mizito na imenyooka, haina kupanda na kushuka kwingi, wakati kule kwenye utulivu miluzi inacheza inavyotaka. Ukifikiria inaeleweka, sauti yenye milima na mabonde mengi ikipita kwenye kelele vile vipande vyake vidogo vinamezwa, afadhali kitu kilichonyooka kinachofika. Kwenye pwani ya Maryland, Marekani, mwaka 2018 iligundulika pia kwamba kelele za meli zikizidi miluzi inarahisishwa, ila wale wao wanaipandisha juu badala ya kuishusha. Kila bahari na namna yake, lakini kote kinachopungua ni yale madoido, na mimi hapo ndo panaponiuma maana madoido ndo yanayotofautisha jina la huyu na la yule.

Halafu kuna Delta na Reese, pomboo wawili wa Florida, utafiti wao ulitoka 2023. Walifundishwa kubonyeza vitufe chini ya maji, kila mmoja chake, kwa wakati mmoja, kwahiyo lazima wasikilizane. Kukiwa kimya walifanikiwa asilimia 85, kelele ilipokua kubwa kabisa ikashuka hadi 62.5. Na sio kwamba walikata tamaa, walipaza sauti, wakarefusha miluzi, wakawa wanageuka kutazamana na hata kuogelea hadi upande wa mwenzake, na bado ikawa ngumu.

Mimi nawaza mama na mtoto pale Kizimkazi asubuhi, boti zimewakata katikati, wanaitana.

Najua watu wanakula kupitia hizo boti na sitaki zife, hao pomboo miaka ya nyuma walikua wanavuliwa kuwa chambo cha papa, utalii ndo uliwaokoa. Ila nikirudi nitaongea na nahodha mapema kabla hatujatoka ufukweni, tukiwaona tu azime mashine tukae mbali, wakija wenyewe sawa, wasipokuja tutageuza.