Ami, ya tatu iko wapi?

Ukitaja vijana wa Kisauni, hapa Mombasa, mbele ya mtu wa bara, neno la pili litakalomtoka ni panga. Nimechoka nalo. Mimi ni fundi wa friji, kibanda changu kiko Kongowea nyuma ya soko, na huu ni mwaka wa kumi na mbili kila likizo ya Agosti na Desemba nawachukua vijana wa mtaani kwetu na kuwapeleka pangoni. Panga, pango: herufi moja tu. Tena kwa Wagiriama hata hiyo herufi haipo, pango kwao ni panga. Kule Kilifi kuna Panga ya Saidi, na wanangu walipoisikia mara ya kwanza walidhani Saidi alikuwa jambazi.

Ndilo pango walimofukua kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walikuwamo kwenye kazi hiyo, na habari zake zilitoka mwaka 2021. Wakamwita Mtoto, hivyo hivyo kwa Kiswahili. Alilazwa magoti yamekunjwa kifuani, na namna kichwa kilivyoinama inaonyesha huenda aliwekewa kitu kama mto, kikaoza kikamwacha. Niliwasimulia haya ndani ya matatu, tunapita Ukunda. Kimya. Halafu mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye kwa kawaida mdomo wake haufungi, akauliza, "Alilazwa ubavu upi, Ami?"

Wa kulia, nikamwambia.

Wakatazamana. Kila mmoja wao ashasimama makaburini akaona maiti wetu Waislamu wanavyolazwa. Sikuongeza neno, na wala sina la kuongeza, ila kwamba sijawahi kuona watoto kumi wa mtaa wetu wa Mtopanga wakanyamaza kwa pamoja toka Ukunda hadi Msambweni.

Watu huniuliza nafaidi nini. Mke wangu ndiye huuliza zaidi, hasa akihesabu nauli. Ngoja nieleze.

Sisi huanzia Likoni alfajiri, feri ya kwanza kwanza kabla joto halijaanza. Vifaa vyetu ukiviona utacheka. Helmeti ni za mjengo, kuukuu, na mkanda wa kidevuni nimeshonesha kwa fundi cherehani, kwa sababu helmeti ya mjengo ukiinama tu inakutoka. Magotini tunafunga vipande vya godoro. Nguo ni ovaroli za mitumba, za watu wanene wa nchi za baridi, kwa hiyo wadogo huzikunja mpaka wanaonekana kama mito ya kulalia inayotembea. Kitu kimoja tu sifanyii ubahili, nacho ni taa. Kila mtu taa tatu: ya kichwani, ya pili mfukoni, ya tatu begini, na betri za akiba. Simu haihesabiwi. Simu ikianguka kwenye jiwe imekufa, na mkono ulioshika simu haukushika mwamba.

Na kuna mmoja hubaki mlangoni na daftari. Anaandika nani kaingia, saa ngapi, na saa ya mwisho ya kutoka. Saa hiyo ikipita hajatuona, anapiga simu kwa wenyeji. Kazi hii hakuna anayeitaka, ndiyo maana tunaipigia kura ya vijiti.

Shimoni tunapita kwanza, wala haturuki. Mji wenyewe umepewa jina kwa ajili ya shimo lililoko pale, yaani pango. Wenyeji ndio wanaolisimamia na kutoza kiingilio, na watakuonyesha vyuma ukutani na kukueleza habari za watumwa waliofungiwa mle wakingoja majahazi. Pale sifundishi chochote. Vijana wangu wanaambiwa kila siku wasimame foleni, wakae kimya, wavue kofia. Mle ndani hufanya yote matatu bila kuambiwa.

Jiwe ndilo nalolipenda mimi. Binti mmoja aliweka kiganja ukutani akasema, "Hili ni la Ngomeni hili." Na kweli ndilo. Sehemu kubwa ya pwani yetu hii imekaa juu ya tumbawe lililokufa. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, matumbawe yakaota, kisha maji yakarudi chini yakayaacha nchi kavu. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, mwaka 1593 walichonga jiwe hilo, nyumba za Mji wa Kale ni hilo, chokaa yake ni hilo limechomwa, na saruji ya Bamburi imetokana nalo vilevile. Mvua ikianguka hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, inakuwa na uchachu kidogo, si uchachu wa kukuunguza ulimi, lakini mpe maelfu ya miaka. Inalila jiwe taratibu mpaka panakuwa na uwazi. Nilimwonyesha yule binti gamba la chaza likiwa limenasa darini, juu ya vichwa vyetu. Akakaa akilitazama. Akauliza kama sasa sisi tuko chini ya bahari au juu yake. Sijapata jibu zuri hadi leo.

Sasa popo. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Fikirini, kabla hujafika Shimoni, kuna mapango makubwa yenye popo wengi, na wageni huingizwa. Mimi na watoto wa watu siingii penye popo wengi. Mlima Elgon kuna pango la Kitum, maarufu kwa ndovu wanaoingia gizani kuchokoa chumvi kwa pembe. Mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wamelizuru walipatwa na homa ya Marburg, wakafa, na yule wa pili alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Umri wa hawa hawa wangu. Siku hizi inajulikana virusi hivyo hukaa kwa popo wa matunda wa mapangoni. Achilia mbali vumbi la kinyesi chao, ambalo hata bila Marburg huweza kukuwekea kuvu mapafuni. Basi popo sisi tunawatazama kwa nje, jioni, tumekaa mbali na mlango, hatugusi kitu.

Na kwa nje ndiko kuzuri. Kama saa kumi na mbili na nusu wanaanza, mmoja, watatu, halafu mfano wa moshi. Mwaka juzi nilikuwa na binti ambaye mamake anauza mabuyu karibu na shule, yale mekundu ya kutia rangi midomo. Alikuwa amejifunika mtandio uso mzima kwa kuogopa popo wasimwingie nywele. Nikamwambia: ua la mbuyu hufunguka usiku. Usiku nyuki kalala. Anayekuja kunywa asali yake ni popo wa matunda, anatoka na chavua kifuani, anaipeleka mbuyu wa pili. Akashusha mtandio hadi puani. "Kwa hiyo mabuyu ya mama..." Ndiyo. Akaushusha wote. Alikaa mpaka wa mwisho akatoka, na Jumatatu yake, naambiwa, kila aliyenunua mabuyu ya mamake alipewa na darsa bure.

Pango tunaloingia sisi ni dogo, halina popo ila wachache wa mlangoni, na jina lake silitaji kwa sababu wazee wenye nalo wamenikataza. Wao huweka marashi na ubani pale kizingitini. Mimi si mtu wa kutambika, lakini nyumba ya mtu hubishwa hodi, na kila mara namtafuta mzee, namwomba ruhusa, tunavua kofia. Vijana huniuliza kama kuna majini. Nawaambia kuna mteremko wenye tope, na huo umeshavunja watu miguu zaidi ya majini.

Wengi hupenda kuwazimia watoto taa zote mle ndani waone giza lenyewe. Nilikwisha acha. Wadogo hulia, wakubwa huanza mizaha ya kipuuzi.

Desemba iliyopita nilikuwa na kijana wa miaka kumi na minne, kafukuzwa shule kwa kupigana, nyanya yake kaniletea kibandani kamshika mkono kama mzigo. Hakusema neno siku nzima. Nilikuwa nimewaahidi chumba cha ndani, kina mawe yanayoning'inia membamba kama tambi, lazima utambae kwa tumbo ukafika. Tumetambaa robo tatu ya njia, taa yangu ya kichwani ikaanza kufifia. Si neno. Nikatoa ya pili. Haiwaki. Nikafungua: tupu, betri hakuna. Baadaye nilikuja kuzigundua nyumbani, ndani ya rimoti ya televisheni.

"Ami, ya tatu iko wapi?"

Ni yeye, nyuma ya kisigino changu. Nikasema ya tatu iko begini na begi nimeliacha mlangoni, lakini nina simu, na chumba ni hapo tu, mita tano.

"Simu haihesabiwi," akasema. "Ni wewe ulotuambia."

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nina miaka hamsini na mbili, nimelala kifudifudi kwenye tope, mtoto aliyeshindikana shuleni ananisomea sheria yangu. Na mita tano! Lakini hakuwa na sauti ya kunikejeli. Alikuwa anaogopa, na alisema hivyo hivyo akiogopa. Wenzake wakaguna, walitaka tambi zao. Yeye akanipitishia taa yake ya pili mkononi, akawaambia wa mwisho ageuke awe wa kwanza, na kila kona akawahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, hadi kwangu, "na Ami." Tulitoka dakika ishirini kabla ya saa iliyoandikwa daftarini. Sijafurahi hivyo tangu friji yangu ya kwanza ilipogandisha barafu.

Nyanya yake alipita kibandani wiki iliyofuata. "Mwanangu, huyu umemlisha nini? Usiku anazunguka nyumba nzima akijaribu taa." Nikamuuliza kama ni usumbufu. Akasema stima ikipotea sasa nyumba yao ndiyo pekee mtaani inayojua mshumaa uko wapi.

Agosti hii tulikuwa Likoni, feri imejaa, amesimama mbele yangu na ovaroli lake begani. Mara akanyoosha mkono, akanivua begi mgongoni, akafungua zipu na kuanza kutoa vitu. Mama mmoja mwenye kapu la samaki akapiga ukelele, "Mwizi! Wamwibia mtu mzima mchana kweupe!" Watu wakageuka. Kijana hakuinua hata kichwa.

"Namkagua, mama," akasema, akiwa ameshika tochi yangu ya tatu, anaifungua kifuniko. "Huyu si wa kuaminiwa na betri."